Mbugani wote tumekaa

Safari ya siku moja kutoka Ngarenaro hadi maziwa ya Momela, pamoja na binti ambaye ndiyo yake iko machoni

Binti yangu ana miaka 11 na hajawahi kutamka neno. Akikubali jambo huinua macho juu. Akikataa hugeuza uso pembeni. Lugha hiyo tuliijenga pole pole, yeye, mimi, baba yake na bibi yake, nyumbani kwetu Ngarenaro, Arusha, na hadi Juni mwaka huu nilidhani naielewa yote.

Alizaliwa akachelewa kulia. Ubongo ukakosa hewa kwa muda, na kilichofuata kinaitwa mtindio wa ubongo: misuli inakaza bila kuagizwa, shingo haisimami sawasawa, mikono inakwenda inakotaka yenyewe. Akili yake imetulia. Huitambua pikipiki ya baba yake kabla haijakata kona, na bibi akianza hadithi anayoijua, yeye huwahi kucheka kabla ya mahali pa kuchekea.

Mpaka alipotimiza miaka 6 nilimbeba mgongoni kwa kanga. Tulikwenda pamoja Soko la Kilombero, kliniki, harusini na msibani. Kisha akarefuka, mgongo wangu ukakataa, na dunia yake ikapungua hadi ikabaki chumba, baraza na kliniki. Sisi wazazi wa watoto kama huyu tunalijua jambo hili na hatulisemi: mtoto wetu hutoka zaidi akiwa mchanga kuliko akishakua. Watoto wengine kila mwaka huongezewa mipaka. Wetu hupunguziwa.

Mwezi Mei mdogo wake, wa darasa la nne, alikwenda na shule Hifadhi ya Taifa Arusha. Akarudi na twiga, nyati na maziwa yenye ndege wa waridi, akasimulia siku 3 mfululizo. Usiku wa tatu, wakati namlaza binti yangu, nilimuuliza, "Na wewe unataka kwenda?" Akainua macho. Akayaacha huko huko juu, hakuyashusha mpaka nilipomwambia, "Nimesikia, mama."

Mlima ulio mlangoni

Ukisimama Ngarenaro asubuhi isiyo na mawingu, Mlima Meru na mita zake 4,566 uko mbele yako kana kwamba umejengwa mwisho wa mtaa. Kwa gari, lango la Ngongongare halifiki mwendo wa saa moja kama hakuna foleni. Mtaani kwetu wamo madereva wa watalii, wapishi wa kambi na wapagazi wa Meru na Kilimanjaro. Riziki nyingi hapa inatoka porini. Lakini uliza ni nani aliyewahi kuingia hifadhini na familia yake kama mgeni, akakaa kwenye kiti akatazama tu. Mikono itakayoinuka ni michache.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Kreta ya Ngurdoto, na Mlima Meru ukaunganishwa nayo mwaka 1967. Katikati ya miaka hiyo, Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa hapa hapa Arusha tamko la kuwalinda wanyamapori. Ndani yake aliahidi kufanya kila kinachowezekana ili wajukuu wa watoto wetu waje kuufaidi urithi huu. Nimevihesabu vizazi hivyo mara nyingi. Mama yake bibi alikuwa mtu mzima mwaka ule. Mtoto wake ni bibi. Mjukuu wa bibi ni binti yangu. Basi aliyeahidiwa ni huyu, na ahadi haikuweka sharti kwamba awe anatembea.

Kiti kwanza

Kampuni ya kwanza niliyoipigia simu ilinijibu kwamba haina gari la wagonjwa. Sikugombana nayo, ila mtoto wangu haumwi, anahitaji kiti. Aliyetusaidia ni jirani, dereva wa watalii wa miaka mingi, aliyekuwa na Land Cruiser siku ambayo haikuwa na wageni. Alikuja Alhamisi jioni bila gari, ameshika futi kamba. Akakipima kiti cha mbao alichotengenezewa binti yangu na fundi seremala wa mtaani: kina mgongo mrefu, mabawa mawili ya kuzuia kichwa, sponji la godoro na mkanda wa kifuani. Akasema, "Dada, hiki kinaingia. Nipatie kamba tu, mengine niachie mimi."

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, namna alivyokaa ndiyo siku yenyewe. Mwili ukiyumba, misuli hukaza kujihami, na ikikaza kwa saa nyingi huleta maumivu, jasho, hata chakula kumpalia. Kwa hiyo nyonga zishikwe, miguu ipate pa kukanyaga, kichwa kipate pa kuegemea. Dereva alikifunga kile kiti safu ya kati, kwa kuwa nyuma kabisa ndiko gari linakorusha zaidi kwenye mashimo. Kisha akakilaza kidogo kwa nyuma, kichwa kisianguke mbele. Mlalo ule ulikuja kuwa na maana ambayo hakuna kati yetu aliyeifikiria.

Chakula chake kilikuwa mtori, ndizi na nyama zilizopondwa mpaka zikateremka bila kutafunwa, ndani ya hotpoti. Uji ulikuwa kwenye chupa ya chai. Dawa ya kifafa ya asubuhi alikunywa kwa saa yake, na ya jioni ikaingia mkobani, maana gari linaweza kukwama. Tulibeba pampasi, taulo, kanga 4 na soksi nzito, kwa kuwa Juni chini ya Meru ni baridi na mtu asiyejisogeza hupoa haraka. Kiti mwendo kikakunjwa nyuma. Kiingilio tulikilipia mapema kwa namba ya malipo. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi. Mtoto wa chini ya miaka 5 hatozwi, na wa miaka 5 hadi 15 ana kiwango chake cha mtoto.

Maji meusi, maji ya chai

Bibi alikaa mbele. Ana magoti mabovu, na kupanda gari lile kulihitaji kigoda na mabega ya mwanawe. "Shikamoo, bibi," dereva alimsalimu akimfungia mkanda. "Marahaba, mwanangu. Twende taratibu, nina mjukuu nyuma."

Ngarenaro ni jina la Kimaasai, maji meusi, na ndilo jina la mto unaopita mjini kwetu. Upande wa pili wa mlima kuna Ngarenanyuki, maji mekundu. Na ukipita Usa River ukaendelea na barabara ya Moshi unafika Maji ya Chai, alikozaliwa bibi. Tulipofika pa kukata kushoto kwenda Momela, alinyosha kidole upande wa kwao, akaanza kusimulia habari za maji.

Meru ni volkano, na miamba yake ina floraidi inayoyeyukia kwenye chemchemi na mito. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Maziwa ya Momela, tuliyokuwa tunayaendea, yana mamia ya miligramu. Ndiyo sababu watu wengi wa pande hizi wana meno ya kahawia, bibi akiwa mmoja wao, na waliokunywa floraidi nyingi mno tangu utotoni huweza kupinda mifupa ya miguu. Pale Ngurdoto kipo kituo cha utafiti kinachoshughulika na kuitoa floraidi majini kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Kaka mkubwa wa bibi alikuwa na matege makubwa maisha yake yote. "Alichunga, akaoa, akawa mzee wa kanisa," bibi alisema. "Hakuna aliyemficha." Kisha akanyamaza, nami nikajua mawazo yake yamekwenda wapi. Yalikwenda kwenye miaka ya mwanzo ya binti yangu, wakati ambapo wageni wakipiga hodi tulikuwa tunavuta pazia la chumba.

Ndani ya lango

Mbele kidogo ya lango pori linafunguka, uwanda wa nyasi unaoitwa Serengeti Ndogo. Nyati walikuwa wamelala, pundamilia wamesimama wawili wawili, ngiri wamepiga magoti wakila. Hifadhi hii haina simba, lakini ina twiga wengi, na wa kwanza alikuwa kando kabisa ya barabara, anachuma majani ya mgunga kwa ulimi. Dereva akazima gari. Magari mengine matatu yalikuwa yameshasimama: moja la wanafunzi, mawili ya wageni kutoka nje.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo miaka 11 ya ulezi haikuwahi kunionesha. Wote walikuwa wamekaa. Ndani ya hifadhi mtu hashuki garini isipokuwa mahali palipotengwa, au anapotembea na askari mwenye silaha. Mwanariadha amekaa, mwalimu amekaa, mzungu mwenye kamera ndefu amekaa, bibi mwenye magoti amekaa. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, binti yangu alikuwa mahali ambapo kutotembea ni kanuni ya wote. Tena hakuna aliyemtazama. Sokoni watu hugeuka, huuliza ana nini, wengine hunisogezea sarafu bila kuombwa. Pale kila jicho lilikuwa kwa twiga, na macho ya binti yangu yalikuwa miongoni mwa hayo.

Barabara ya Ngurdoto inapanda ndani ya msitu wa miti mirefu yenye ndevu za kijani. Giza likaongezeka, baridi nayo. Nikamwona ametulia mno. Nikaogopa, kwa sababu kimya chake huwa uchovu, na mara nyingine huwa kifafa kinachokuja. Nikamwinamia. "Umechoka, mama? Turudi?"

Akainua macho juu.

Nikamwambia dereva ageuze. Alikuwa ameshaanza kutafuta pa kugeuzia, na baba yake ameshaanza kukusanya mito, bibi aliposema kutoka mbele, "Ngojeni kwanza. Hebu fuateni macho ya mtoto."

Paa la gari lilikuwa wazi. Juu yetu, kwenye matawi, walikuwa mbega: weusi, mabegani kama wamejitanda shuka jeupe, mikia imening'inia na vishungi vyake. Mmoja alikuwa amekumbatia mtoto mweupe kuanzia kichwani hadi mkiani, maana mbega huzaliwa weupe na weusi huja baadaye. Sisi tuliokaa wima tulikuwa tunakodolea vichaka kutafuta nyati. Yeye, kwa ule mlalo wa kiti chake, alikuwa anatazama juu tangu msitu uanze. Hakuwa ananijibu. Huenda hata swali langu hakulisikia.

Nikamwomba radhi. Nikauliza upya, safari hii nikasubiri mpaka macho yarudi kwangu. "Turudi?" Akageuza uso kwa nguvu hadi shavu likagonga bawa la kiti.

Tangu siku hiyo nalala na maswali. Ni mara ngapi katika miaka 11 nimesoma ndiyo mahali ambapo mtoto alikuwa anatazama kitu? Ni mara ngapi nimeamuru gari ligeuzwe, kwa hofu yangu mwenyewe, kisha nikasema yeye ndiye aliyechoka?

Tukaendelea hadi ukingoni. Kreta ya Ngurdoto ina upana wa karibu kilomita 3, na chini kabisa nyati walikuwa vitone kwenye kijani. Wageni hawaruhusiwi kuteremka; ndani wameachiwa wanyama. Baba yake alimbeba hatua chache, bibi akashika mkono wangu, tukatazama. Hapo pia, mwenye miguu huishia pale pale anapoishia asiye nayo.

Chakula tulikula Momela, heroe wamejaa majini, Kibo ya Kilimanjaro ikijitokeza na kujificha mawinguni. Alimaliza bakuli lote la mtori, kitu ambacho nyumbani hutuchukua saa nzima.

Ngazi tatu

Njiani kurudi, tukiwa tumeshaiacha hifadhi, tulisimama sehemu moja kutafuta choo. Kilikuwa na ngazi 3 za saruji na mlango usiopitisha kiti mwendo. Nikambadilisha kwenye kiti cha gari, bibi na baba yake wameshika kanga kama pazia, watu wanapita. Ana miaka 11. Aibu anaijua. Alifumba macho na hakuyafumbua mpaka tulipomaliza.

Siku nzima pori halikumzuia popote. Kilichomzuia ni ngazi 3, kazi ya fundi mmoja kuigeuza kuwa mteremko.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara yake ya 30 inataja waziwazi maeneo ya utalii na burudani, na inataka watoto wenye ulemavu wacheze na wapumzike sawa na wenzao. Mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Nao si wachache tunaowazungumzia: Sensa ya 2022 ilionesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye miaka 7 na zaidi wanaishi na ulemavu. Juu yao ongeza wazee wenye magoti kama bibi, na wajawazito.

Mahali pengine wameanza. Marekani humpa raia au mkazi wake mwenye ulemavu wa kudumu pasi ya bure ya kuingia hifadhi za taifa, na pasi hiyo ni ya maisha. Afrika Kusini, ndani ya hifadhi ya Kruger, kambi kadhaa zina vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya watumiaji wa viti mwendo. Kwetu dunia huja kutafuta ushujaa. Bernard Goosen wa Afrika Kusini, mwenye mtindio wa ubongo kama binti yangu, alifika kilele cha Kilimanjaro kwa kiti mwendo mwaka 2003. Kyle Maynard wa Marekani, aliyezaliwa bila mikono wala miguu kamili, alikipanda kwa kutambaa mwaka 2012. Nawaheshimu kwa moyo wote. Lakini binti yangu asilazimike kuwa shujaa ili amwone twiga. Mdogo wake hakuambiwa awe shujaa. Aliambiwa alete fomu ya shule iliyosainiwa.

Ninachoomba kwa hifadhi zetu zote, na kwa kila hoteli na kituo kilicho kando ya barabara ziendazo huko, ni vitu vya kawaida. Mlango wa choo wa sentimita 90. Mteremko badala ya ngazi. Ndani ya choo, kitanda imara ambacho hata mtoto mkubwa anaweza kulazwa abadilishwe. Maelezo ya kweli kabla ya safari: wapi kuna ngazi, wapi gari linafika. Na waongozaji waliofundishwa kumsemesha mtoto mwenyewe. Ujuzi hauko mbali. Usa River, kwenye barabara hii hii, kipo kituo cha Kanisa la Kilutheri kinachowafundisha ufundi vijana wenye ulemavu. Moshi, pale hospitali ya KCMC, chuo cha TATCOT kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia na visaidizi tangu 1981. Mikono ya kujenga tunayo, na miongoni mwake imo ya wale wanaojua ngazi inavyouma.

Kwa mzazi mwenzangu

Usisubiri apone. Anza na safari ya saa chache, kiangazi, barabara zikiwa kavu. Mweke kwenye kiti cha gari nyumbani siku moja kabla, uone anavyokaa. Simama kila baada ya saa moja, umfungue mkanda na kumnyoosha. Chagua gari kwa kujua bei yake: la chini ni rahisi kumwingiza lakini litamnyima kuona juu ya majani, la juu litauchosha mgongo wako mara mbili au tatu kwa siku, na mwanao ataona. Nenda na mtu wa tatu. Shule inapopanga ziara, uliza nafasi ya mwanao kabla hawajakuambia haipo. Na ukimuuliza jambo porini, kabla hujalipokea jibu lake, tazama kwanza anakotazama.

Tulifika Ngarenaro jua likizama. Tukamweka barazani kwenye kiti mwendo, kanga mabegani, wakati tunashusha mizigo. Watoto wa mtaa waliacha mpira wakaja. Siku zote huniuliza mimi: mama, leo anaendeleaje? Jioni ile walimzunguka yeye.

"Umeona twiga?" Macho juu.

"Na nyati?" Macho juu.

"Wengi?" Juu tena, na kicheko.

Mkubwa wao, kijana wa miaka 13 hivi, akapenya mbele. "Umeona simba?"

Akageuza uso pembeni. Kijana akanigeukia mimi, kutaka uhakika. Mikono yangu ilikuwa na hotpoti na mito. "Muulize mwenyewe," nikamwambia, nikaingia ndani. Nyuma yangu nikamsikia anachuchumaa mbele ya kiti, anauliza upya, pole pole, kisha kimya cha mtu anayesubiri.